Sanduku la Fundi: Maandishi ya paneli yasiyofutika

Barua nyingi za mwezi huu zinalalamikia paneli, yaani uso wa kifaa wenye vitufe na maandishi. Bodi inafanya kazi, risasi zimekaa vizuri, sauti inatoka safi, lakini neno VOLUME limefutika kabla mwaka haujaisha. Tumechagua barua zinazofundisha zaidi.

Herufi zimesambaa chini ya selotepu

*Nimetengeneza amplifaya ya wati 50 kwa ajili ya kwaya yetu. Maandishi nilichapa kwa printa ya wino, nikafunika kwa selotepu pana. Miezi miwili tu, selotepu imekunjamana, karatasi imeingia rangi ya kahawia pembeni, na herufi zilizo karibu na kitufe cha sauti zimesambaa. Nimekosea wapi? (Msomaji, Mwanza)*

Umekosea wino, kisha ukakosea mahali pa kuuweka. Printa nyingi za nyumbani hutumia wino wa rangi iliyoyeyushwa majini, na jasho la kidole linatosha kuuyeyusha tena. Selotepu haikusaidii kwa sababu maji hayaingilii juu, yanaingilia ubavuni. Karatasi ni utambi: ukikata tundu la kitufe, ukingo wote wa tundu hilo unabaki wazi, na kila mkono wenye jasho unalisha utambi huo.

Tumia printa ya leza. Toneri ni unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto, na maji hayauwezi. Hasimu wake ni asetoni, thina, na kukwaruzwa. Kwa hiyo usiiache juu, ifiche nyuma ya plastiki. Tazama vitufe vya tanuri la maikrowevu: watu wanavibonyeza miaka kumi na namba hazitoki, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuzigusa. Zimechapwa mgongoni mwa plastiki angavu, kidole kinagusa upande wa mbele tu. Fundi wa nyumbani anaweza kufanya hivyohivyo.

Nunua karatasi angavu ya plastiki iliyokuwa ikitumika kwenye projekta za zamani, unene wa milimita 0.1 hivi, na hakikisha pakiti imeandikwa ni ya leza. Ya printa ya wino ukiipitisha kwenye leza itayeyuka na kuganda kwenye rola ya moto, nawe utakuwa umenunua printa nyingine. Chapa mchoro ukiwa umegeuzwa kama kwenye kioo, ili ukitazamwa kupitia plastiki usomeke sawasawa. Sasa toneri iko mgongoni.

Mgongo huo unahitaji rangi nyeupe, la sivyo herufi zitaelea juu ya alumini na kusomeka kwa taabu. Tumia rangi nyeupe ya akriliki ya kopo la kupuliza, umbali wa sentimita 25 hadi 30. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Kiyeyushi kilichomo ndani ya rangi kinaila toneri. Ukipuliza koti zito la kwanza, herufi zinatiririka mbele ya macho yako. Koti la kwanza liwe kama vumbi, lifike likiwa limekaribia kukauka, na usijali likionekana halijafunika kitu. Subiri dakika 15, puliza la pili kama hilo. La tatu na la nne yanaweza kuwa mazito kidogo. Kisha acha saa 24.

Ukitaka dirisha la taa ya LED au la namba za voltimita, kata kipande cha tepu ya karatasi kwa kipimo cha dirisha, kibandike mgongoni kabla ya kupuliza, kibandue rangi ikiwa bado haijawa ngumu kabisa. Ukingoja ikauke kama jiwe, itabanduka kwa kumeguka na dirisha litakuwa na meno.

Wapo wanaokwepa rangi kwa kubandika stika nyeupe moja kwa moja juu ya toneri. Ni haraka, lakini toneri ina kimo chake, mdogo ingawa upo, na hewa hunaswa kuzunguka kila herufi. Matokeo ni mabaka yanayometa kama magamba ya dagaa. Kwa kifaa cha karakana sawa. Kwa kifaa cha kwaya, puliza rangi.

Kuibandika kwenye alumini, tumia gundi ya karatasi nzima ya pande mbili, ile inayouzwa ikiwa shiti. Viwandani wanatumia sana 3M 468MP, yenye unene wa milimita 0.13, yoyote ya aina hiyo itafaa. Vipande vya tepu ya pande mbili vilivyopangwa sambamba havifai: kila mpaka kati ya kipande na kipande utaonekana kama mstari, hasa taa ikipiga kwa pembeni. Alumini iandae kwa msasa namba 400, ioshe kwa sabuni, ifute kwa spiriti, na baada ya hapo usiiguse kwa vidole.

Mwisho, kata plastiki iwe ndogo kuliko paneli kwa nusu milimita kila upande, na zungushia pembe zake nusukipenyo cha milimita 3. Pembe kali ndiyo inayoanza kunyanyuka siku zote. Kitambaa cha kufutia vumbi kinainasa, kesho kinaivuta.

Matundu hayakutani na maandishi

*Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa chuo cha ufundi. Nimechora paneli ya milimita 250 kwa 80 kwenye programu ya kuchorea ya Inkscape. Nikichapa, upande wa kushoto unalingana na matundu lakini kulia nimepotea kwa milimita kama 7. Pia ningependa kujua namna ya kupanga namba 0 hadi 10 kuzunguka potenshometa (kirekebishi cha kuzungusha, kama cha sauti). (Mwanafunzi, Dodoma)*

Marahaba. Kupotea kwa milimita 7 katika 250 ni karibu asilimia 3, na hiyo ni alama ya programu iliyopunguza mchoro ili utoshe ndani ya pambizo za ukurasa. Kwenye dirisha la kuchapa weka kipimo 100 kwa 100, zima chaguo lolote la kutoshelezea ukurasa. Hilo litakuondolea kosa kubwa.

Litabaki kosa dogo. Rola za printa hazivuti karatasi kwa kasi kamili, na karatasi ikipita kwenye moto inapoteza unyevu na kusinyaa kidogo. Chora mstari wa milimita 100 kwa mlalo na mwingine kwa wima, chapa, pima kwa rula ya chuma. Ukipata 99.2 upande mmoja, gawa 100 kwa 99.2: mchoro upanue kwa upande huo hadi asilimia 100.8. Inaonekana kitu kidogo, lakini kwenye paneli yako ni milimita 2, na tundu la milimita 7 lililohama milimita 2 halifichwi na nati.

Njia tunayoipenda zaidi ni ya kivivu: acha makosa yatembee pamoja. Kutoka faili lilelile chapa nakala mbili kwa printa ileile, zikiwa zimelala upande uleule. Ya kwanza, ya karatasi ya kawaida na isiyogeuzwa, ibandike kwenye alumini kwa gundi ya kijiti iwe kiolezo cha kutobolea; ya pili ndiyo plastiki ya maandishi. Gonga nukta kwa panchi katikati ya kila msalaba, toboa kwa drili ya milimita 2.5, kisha panua kwa drili ya ngazi. Matundu yatafuata kosa la printa, na maandishi nayo yatafuata kosa lilelile. Plastiki inaweza kusinyaa tofauti kidogo na karatasi, kwa hiyo ilaze juu ya kiolezo uilinganishe kabla ya kutoboa.

Ukubwa wa matundu usiuchukue mtandaoni, upime kwa kalipa kwenye sehemu uliyonunua. Potenshometa ndogo za milimita 16 nyingi zina shingo ya uzi wa milimita 7, tundu liwe 7.2 hadi 7.5. Swichi ndogo za kupandisha na kushusha huwa na shingo ya milimita 6 au ya robo inchi, na tofauti hiyo ndogo imeharibu paneli nyingi.

Kuhusu namba. Potenshometa ya kawaida inazunguka kama digrii 300. Kutoka 0 hadi 10 kuna hatua kumi, kila hatua digrii 30. Sifuri inakaa digrii 150 kushoto ya wima, kumi inakaa digrii 150 kulia, yaani namba 7 na namba 5 zilizoandikwa kwenye uso wa saa. Tunasema namba zilizoandikwa, si saa saba ya mchana. Ukimwambia msaidizi wako “elekeza saa saba” ataelekeza mshale kwenye moja, naye atakuwa sahihi.

Kwa kitufe chenye kipenyo cha milimita 20, vistari vianze milimita 12 kutoka katikati na viishie 14, namba zikae kwenye milimita 17. Nafasi ya kila namba ni nusukipenyo mara saini ya pembe kwa mlalo, na nusukipenyo mara kosaini kwa wima, pembe ikipimwa kutoka wima. Herufi za pointi 10 katika mwandiko usio na mikia zina kimo cha kama milimita 2.5 zikiwa kubwa, na hizo zinasomeka kwa umbali wa mkono. Chini ya pointi 7 unajiandikia mwenyewe.

Nati imezungusha stika

*Kila nikikaza nati ya potenshometa stika inajikunja kuizunguka nati kama kanga. (Fundi redio, Tanga)*

Unakaza nati huku potenshometa ikiwa huru. Shika mwili wake kwa nyuma, nati izunguke yenyewe juu ya washa bapa (pete ya chuma inayokaa chini ya nati). Nati isiguse stika kamwe. Nyuma, kati ya potenshometa na bati, weka washa yenye meno.

Potenshometa nyingi zina kijino kidogo pembeni ya shingo. Watu hukivunja kwa koleo, na hapo ndipo taabu inapoanza, maana kazi yake ni kuzuia mwili usizunguke. Kitobolee tundu la milimita 3 kwenye alumini, lakini stika iache ilifunike. Kwa mbele hakuna atakayejua kuna tundu.

Na usitoboe chuma stika ikiwa imeshabandikwa. Drili inainasa na kuivuta kabla hujaachia kitufe. Toboa kwanza, sugua makali, bandika, kisha kata stika ukiwa upande wa nyuma: chora msalaba kwa kisu chenye ncha mpya, halafu fuata ukingo wa tundu. Kwa plastiki ngumu panchi ya fundi viatu inatoa tundu la mviringo safi kuliko kisu chochote.

Laminesheni inavimba kwenye matundu

*Hamjambo wahariri. Nilichapisha kwa saiba kwa leza, wakanipigia laminesheni ya mikroni 125. Ilipendeza sana. Sasa kila tundu limezungukwa na pete nyeupe iliyovimba. (Msomaji, Nakuru)*

Ni ule utambi wa karatasi uliotajwa hapo juu. Laminesheni ni plastiki mbili zilizoshikana kwa gundi inayoyeyuka, katikati kuna karatasi. Ukikata tundu baada ya laminesheni, umefungua mlango.

Kata matundu kwenye karatasi kabla ya laminesheni, na uyafanye makubwa kwa milimita 2 kila upande kuliko tundu halisi. Ikipita kwenye mashine, plastiki ya juu na ya chini zinashikana zenyewe ndani ya uwazi huo. Baadaye unakata tundu la kipimo chake, na pete ya plastiki tupu inabaki kuziba karatasi. Washa inaificha pete hiyo. Ukingo wa nje nao uachie milimita 3. Kwa karatasi iliyoharibika tayari hakuna dawa, chapisha nyingine.

Boksi la sola juani

*Nauza vidhibiti vya chaji ya sola, vinafungwa nje chini ya paa. Stika za vinili za duka la mabango zimepauka na kusinyaa, gundi imebaki kama fremu nyeusi pembeni. (Fundi umeme, Lodwar)*

Mambo mawili tofauti yamekupata. Kupauka ni jua: rangi nyekundu na njano huenda kwanza, buluu na nyeusi hubaki, ndiyo maana mabango ya zamani barabarani yote yanaelekea ubuluu. Alama ya hatari usiiandike kwa nyekundu peke yake. Iandike kwa nyeusi, nyekundu iwe pambo tu.

Kusinyaa kunatokana na aina ya vinili. Iliyo rahisi hutengenezwa kwa kuminywa kati ya rola za moto, na baadaye kwenye joto inajaribu kurudi kwenye umbo lake la awali. Ile ya kumiminwa haikuvutwa, kwa hiyo haina pa kurudi. Inauzwa ghali zaidi, na duka la mabango huwa nayo kwa ajili ya kubandika magari. Omba mabaki, kwani paneli yako haizidi kiganja.

Waambie pia wasiweke laminesheni ya baridi siku hiyohiyo. Wino wao una kiyeyushi ambacho lazima kitoke, saa 24 angalau. Kikifungiwa ndani kinalainisha gundi, na stika inajikunja kingo hata ikiwa ya bei gani. Laminesheni iwe ya kuzuia mionzi ya jua.

Kubandika, changanya nusu lita ya maji na matone mawili ya sabuni ya vyombo, nyunyizia boksi na gundi, weka stika, isogeze hadi ikae sawa, kisha sukuma maji kutoka katikati kwenda nje kwa kadi ngumu. Acha hadi kesho yake. Boksi la plastiki ya ABS lifute kwa spiriti, kamwe si asetoni, itayeyusha uso wake. Na kama unatumia vile vyombo vya chakula vyenye mfuniko, jua kwamba polipropilini haishiki gundi ya stika. Utabandika leo, itadondoka mvua ya kwanza. Hapo funga kipande cha alumini kwa skrubu nne na stika ikae juu yake.

Pasi

*Nimejaribu kuhamisha toneri kwa pasi hadi kwenye alumini. Nusu ya herufi zinabaki kwenye karatasi. (Msomaji, Bujumbura)*

Alumini inanyonya joto. Ukiweka bati la milimita 2 juu ya saruji, pasi inapasha saruji. Weka ubao chini, upashe bati lenyewe dakika mbili kabla ya kuleta karatasi, kisha kandamiza dakika tatu hadi tano kwa kipimo cha pamba, ukitumia ncha ya pasi kwenye herufi ndogo. Usivute karatasi. Litie bati kwenye maji dakika 20, karatasi ilainike, uisugue kwa kidole gumba. Anayevuta karatasi ikiwa kavu anavuta na herufi.

Printa nazo hazifanani. Toneri nyingine inayeyuka kwa joto kubwa mno kwa pasi. Ukishindwa mara tatu na bati ni safi, badili printa. Na toneri tupu juu ya alumini inatoka kwa ukucha, hivyo funika kwa vanishi angavu ya akriliki, koti za vumbi kwanza kama ilivyoelezwa kwa rangi nyeupe.

Mabaki ya alukobondi kwa pawasaplai

*Fundi mabango amenipa mabaki ya alukobondi. Yamenyooka, yana rangi tayari. Naweza kuyafanya paneli ya pawasaplai inayoingia umeme wa nyumba? (Msomaji, Moshi)*

Kwa kifaa cha betri, ndiyo, na yanapokea stika vizuri. Kwa umeme wa volti 230, hapana. Alukobondi ni ngozi mbili nyembamba za alumini zenye plastiki katikati, na ngozi hizo hazigusani. Ukifunga waya wa ethi (ule wa kupeleka umeme ardhini) nyuma, ngozi ya mbele, ile anayoishika mtu, inaweza kubaki bila ethi kabisa. Waya wa laini, ule wenye umeme, ukichomoka na kuigusa, fyuzi haitakatika, mtu ndiye atakayepitisha umeme.

Tumia bati zima la alumini la milimita 2. Kwangua rangi mahali pa ethi, funga kichwa cha pete kwa skrubu ya M4 na washa yenye meno, na skrubu hiyo isifanye kazi nyingine yoyote. Stika ni kitu cha kuandikia tu, isihesabiwe kuwa kinga ya umeme.

Lipo na jambo dogo: shiti la milimita 4 linakula uzi wa potenshometa. Shingo nyingi zina urefu wa milimita 7 hivi, ukitoa washa na nati hubakiwi na kitu.

Stika kwa leza ya CO2

*Je, naweza kukata vinili kwa mashine ya leza ya chuo? (Mwanafunzi, Kampala)*

Hapana. Vinili ni PVC, ikiungua inatoa haidrojeni kloridi, inayokula mapafu yako na reli za mashine. Plastiki ya poliesta inakatika vizuri.

Paneli ishirini zinazofanana

*Nina oda ya vifaa 20 vya kupimia betri. Kubandika stika moja moja kunanichosha. (Fundi, Dar es Salaam)*

Kwa idadi hiyo agiza paneli kama unavyoagiza bodi za saketi. Kiwanda kinachokutengenezea bodi kitakukatia FR4 (ubao wa nyuzi za kioo unaotengenezewa bodi) ya milimita 1.6 yenye rangi nyeusi isiyometa na maandishi meupe, matundu yakiwa tayari. Chora kwenye KiCad, programu ya kuchorea bodi: mpaka kwenye safu ya ukingo, maandishi kwenye safu ya hariri ya mbele. Mistari ya herufi isiwe chini ya milimita 0.15, kimo kisishuke milimita 1. Sisi tungeanzia 2.

Maandishi ya hariri hayafutiki kwa spiriti kirahisi, ila kwenye sehemu inayosuguliwa kila siku yatachoka. Hapo andika kwa shaba: weka herufi kwenye safu ya shaba, fungua rangi juu yake, agiza ipakwe dhahabu. Mahali pa LED ondoa shaba na rangi pande zote mbili, mwanga utapenya kwenye kioonyuzi kama dirisha la barafu, bila kutoboa.

Viwanda vingi vinapachika namba ya oda kwenye maandishi. Usiposema iwekwe nyuma, utapokea paneli 20 zenye namba hiyo chini ya jina la kifaa chako. FR4 haipitishi umeme, kwa hiyo shingo za chuma za swichi na potenshometa haziunganiki na kitu. Kwa kipima betri hilo si tatizo. Agiza 23, kwa sababu skrubudraiva itateleza.